Barua ya wazi kwa Kamati ya Rufaa za Mgawo wa Maziwa: ng'ombe hasubiri kikao

Kwa Mwenyekiti na Wajumbe,
Kamati ya Rufaa za Mgawo wa Maziwa,
Dar es Salaam.

YAH: NAMNA RUFAA ZA KUONGEZEWA MGAWO WA MAZIWA ZINAVYOSHUGHULIKIWA

Ndugu Mwenyekiti,

Tunakusalimu kwa heshima. Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi ni wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wa Kigamboni, Chanika, Pugu, Goba, Kibamba na Bunju. Kila asubuhi tunapeleka maziwa kwenye vituo vya kukusanyia vya kiwanda mnachokitumikia. Hatukuanza na barua ya wazi. Tuliandika barua ya kawaida, ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Tukaandika ya kukumbusha. Tukaomba kikao, tukapangiwa siku, kikao kikaahirishwa, na siku nyingine haikutajwa. Leo tunasema hadharani, bila kumtaja mtu wala kiwanda kwa jina, kwa sababu tunataka utaratibu urekebishwe na hatuna haja ya kumwaibisha yeyote.

Tunaomba kamati ianze na jambo moja kabla ya mengine yote: rufaa ya mgawo ni sahihisho la kipimo. Kiwanda kilimpima mfugaji, kikapata tarakimu, na tarakimu hiyo ikawa ndiyo lita anazoruhusiwa kuleta kwa siku mwaka mzima. Kwa baadhi yetu tarakimu hiyo ina kosa, na kosa lenyewe linaweza kuonyeshwa kwa kalamu na karatasi. Anayekata rufaa anaonyesha mahali hesabu ilipopotea. Lakini mafaili yetu yanapokelewa kama maombi ya msaada, na majibu, yakija, yanaandikwa kwa sauti ya mtu anayetoa au kunyima hisani.

Kwa msomaji asiyefuga, utaratibu uko hivi. Kiwanda huchukua maziwa uliyopeleka kituoni mwezi wa Agosti, Septemba na Oktoba, hugawa kwa siku 92, huondoa desimali, na kinachobaki ndicho mgawo wako. Ukizidisha, unarudishwa na ziada nyumbani. Asiyeridhika anajaza fomu ya rufaa. Hoja zetu ni hizi.

1. Miezi mitatu haimpimi ng'ombe

Ng'ombe wa maziwa akienda vizuri huzaa mara moja kwa mwaka. Hukamuliwa kama siku 305, kisha hukaushwa, yaani hakamuliwi, siku 60 hivi ili kiwele kipumzike na ndama aliye tumboni akue. Maziwa hupanda haraka baada ya kuzaa, hufika kileleni kati ya wiki ya 6 na ya 8, halafu hushuka polepole hadi siku ya kukaushwa. Hayo kila mtu kwenye kamati anayajua. Ila fomula ya mgawo imeandikwa kana kwamba ng'ombe hutoa maziwa kama kisima.

Chukueni mfugaji mwenye ng'ombe wawili, ndiyo hali ya wengi wetu. Wa kwanza anatoa lita 4 mwezi wa Agosti, anakaushwa Septemba mosi, anazaa Novemba mosi. Wa pili anatoa lita 8 Agosti, 7 Septemba, 6 Oktoba. Kituoni zinafika lita 12 kwa siku mwezi wa Agosti, 7 Septemba na 6 Oktoba. Jumla ya siku 92 ni lita 768. Wastani ni lita 8.35. Mnaondoa desimali, mgawo unakuwa lita 8.

Sasa fuateni ng'ombe wale wale. Katikati ya Desemba wa kwanza yuko kileleni, anatoa lita 14. Wa pili anakaribia kukaushwa, anatoa 4. Zinafika lita 18, na mgawo ni 8. Wa pili anazaa mwanzoni mwa Machi. Katikati ya Aprili, yeye yuko kwenye lita 14 na mwenzake bado anatoa 10. Jumla lita 24, mara tatu ya mgawo. Hajaongeza ng'ombe hata mmoja na hajanunua maziwa ya jirani. Amefuata ushauri ule ule ambao maofisa ugani wenu hutoa kwenye semina, wa kumkausha ng'ombe kwa wakati.

Mfugaji mwenye ng'ombe 40 haumizwi na fomula hii, maana ng'ombe wake huzaa kwa kupishana. Huyu akikauka yule yuko kileleni, na wastani wa miezi mitatu unakaribia wastani wa mwaka. Kadiri zizi linavyokuwa dogo ndivyo kipimo kinavyopotoka. Kwa hiyo rufaa nyingi hutoka kwa wenye ng'ombe mmoja hadi watatu. Kuna wajumbe wanaouona wingi huo kuwa ni tamaa ya wafugaji wadogo. Hesabu tuliyoonyesha hapo juu inaueleza wingi huo vizuri zaidi.

2. Anayetii kanuni ya dawa ndiye anayepunguziwa mgawo

Hoja hii inatuuma kuliko zote, na tunaomba isomwe taratibu.

Ng'ombe akipata ugonjwa wa kiwele, anatibiwa kwa mirija ya antibayotiki inayoingizwa kwenye chuchu, kwa kawaida siku tatu mfululizo. Lebo za dawa nyingi za namna hiyo hutaka maziwa yasiuzwe kwa saa 72 hadi 96 baada ya mrija wa mwisho. Na ni maziwa ya chuchu zote nne, hata kama iliyougua ni moja, kwa kuwa dawa huingia kwenye damu na kutokea kwenye chuchu nyingine. Jumla ni kama wiki moja ya kumwaga. Kanuni hiyo ni ya haki: mtoto wa mtu hapaswi kunywa dawa asiyoandikiwa. Kiwanda nacho kinaihitaji, kwa sababu bakteria wanaogandisha mtindi huuawa na mabaki hayo hayo. Pipa zima hubaki maji maji, halishiki.

Tuseme mfugaji analeta lita 12 kila siku, na katika siku 92 za kipimo akaacha kuleta siku 7 kwa ajili ya dawa. Ameleta siku 85, sawa na lita 1,020. Mnagawa kwa 92, mnapata lita 11.09, mnaondoa desimali: mgawo lita 11. Lita moja imepotea kila siku ya mwaka, yaani lita 365. Alikwisha kumwaga lita 84 kwa kutii kanuni. Sasa anatozwa nyingine 365 kwa utiifu ule ule. Jirani yake aliyechanganya maziwa ya dawa kwenye keni, asibainike, amebaki na mgawo wake wa 12.

Hali ni hiyo hiyo kwa siku za karantini. Afisa mifugo akitangaza ugonjwa wa miguu na midomo katika kata, maziwa hayatoki. Ndigana kali, homa inayoletwa na kupe, ikimshika ng'ombe, hata akipona, maziwa hushuka kwa wiki kadhaa. Siku hizo zote zinahesabiwa kwenye kigawanyo, yaani zile siku 92, kana kwamba mfugaji alilala.

Mgawo wa maziwa haukuanzia Dar es Salaam, na wenzetu walikwisha kuanguka kwenye shimo hili. Jumuiya ya Ulaya (leo Umoja wa Ulaya) ilianza mgawo wa maziwa tarehe 2 Aprili 1984 na ikaufuta tarehe 31 Machi 2015. Tangu mwaka ule wa kwanza, kanuni zao zilimruhusu mfugaji ambaye uzalishaji wake uliharibiwa na tukio lisilo la kawaida, kama maradhi ya mifugo au janga, apimwe kwa mwaka mwingine kati ya 1981 na 1983. Hata hivyo walisahau kundi moja. Kulikuwa na wafugaji waliokubali, kwa mpango wa Jumuiya yenyewe, kuacha kuuza maziwa kwa miaka mitano. Muda ulipoisha wakarudi wakaambiwa: mwaka wa kipimo hukuwa na maziwa, kwa hiyo huna mgawo. Mfugaji wa Uholanzi, Mulder, alikwenda mahakamani, na tarehe 28 Aprili 1988 Mahakama ya Haki ya Jumuiya ya Ulaya ikaamua kwamba kanuni hiyo ni batili kwa kadiri ilivyowaacha watu hao nje. Mtu aliyeacha kuuza maziwa kwa kufuata mpango halali haadhibiwi kwa kuwa aliufuata. Hatuwafungulii ninyi kesi. Tunasema swali hili lilishaulizwa, na jibu lake ni la akili ya kawaida: siku za dawa na za karantini zitoke kwenye kigawanyo.

3. Laktomita inayosomwa vibaya inafunga mlango wa rufaa

Mmeweka sharti kwamba aliyekataliwa maziwa mara mbili ndani ya miezi sita hasikilizwi rufaa yake. Sharti lingekuwa na maana kama vipimo vya mapokezi vingefanywa sawasawa. Havifanywi.

Laktomita ni kifaa kinachoelea kwenye maziwa kuonyesha kama yameongezwa maji. Nyingi zimesawazishwa kwa maziwa ya nyuzi joto 20. Maziwa yanayofika kituoni Dar es Salaam, yakiwa yamekamuliwa saa kumi alfajiri na kubebwa kwa bodaboda, mara nyingi yana nyuzi 30 au zaidi. Maziwa yenye joto ni mepesi, hivyo laktomita huzama zaidi na kusoma chini. Sahihisho lake ni rahisi: kwa kila nyuzi moja juu ya 20, ongeza 0.2. Laktomita ikisoma 26.5 kwenye maziwa ya nyuzi 30, usomaji wa kweli ni 28.5. Kiwango cha chini ni 28. Maziwa hayo yamefaulu, lakini kwenye daftari la kituo yanaandikwa "yameongezwa maji" na mwenye nayo anarudishwa mbele ya foleni nzima. Katika vituo kadhaa kipimajoto hakipo kabisa; kilivunjika, hakikurudishwa. Povu nalo huharibu usomaji, na mpokeaji mwenye haraka hutumbukiza laktomita kwenye maziwa yaliyomiminwa sekunde hiyo hiyo.

Kipimo cha spiriti kina tatizo lake. Mililita 2 za maziwa kwa 2 za spiriti, ukiona chembe chembe, maziwa yanakataliwa kuwa yamechacha. Lakini maziwa ya ng'ombe aliye mwishoni mwa kukamuliwa, au mwenye ugonjwa wa kiwele uliojificha, au aliyekosa uwiano wa madini, yanaweza kukatika kwenye spiriti bila kuchacha. Ukiyachemsha kwenye mrija uliotumbukizwa katika maji yanayochemka kwa dakika 4 hadi 5 na yasigande, basi hayajachacha. Yanaweza kuwa na kasoro nyingine inayostahili kuangaliwa, na mfugaji aambiwe amwite daktari wa mifugo. Ila hapaswi kuandikwa kama mtu aliyeleta maziwa mabovu kwa uzembe, wala kufungiwa rufaa kwa hilo.

Liko pia suala dogo la mizani. Mgawo umeandikwa kwa lita, baadhi ya vituo hupima kwa kilo na kuandika tarakimu ile ile. Lita moja ya maziwa ina uzito wa takriban kilo 1.03. Anayeruhusiwa lita 40 akipimiwa kilo 40 ameleta lita 38.8. Ni kidogo kwa siku moja. Kwa mwaka ni kama lita 425.

4. Muda

Fomu yenu inasema rufaa itajibiwa "mapema iwezekanavyo". Rufaa iliyoletwa katikati ya Desemba, ng'ombe akiwa kileleni, ikijibiwa mwishoni mwa Aprili imejibu habari ya ng'ombe ambaye hayupo tena. Maziwa yake yamekwisha kushuka, na hasara imekwisha kuliwa.

Wapo wanaosema mfugaji apunguze uzalishaji wakati anasubiri. Ng'ombe hana bomba la kufunga. Ukiacha maziwa kwenye kiwele, shinikizo lake huzuia maziwa mapya kutengenezwa, na baada ya siku chache uzalishaji hushuka na haurudi pale ulipokuwa. Juu yake unaalika ugonjwa wa kiwele. Ukipunguza pumba na mashudu katika wiki nane za kwanza, ng'ombe huula mwili wake mwenyewe, hukonda, huchelewa kuja kwenye joto, huchelewa kupandishwa, na mwaka unaofuata nao umeharibika. Wanaoshughulika na ng'ombe wa maziwa wana kipimo cha kukadiria: lita moja unayoikosa kwenye kilele ni kama lita 200 unazozikosa katika kipindi chote cha kukamuliwa.

Ziada yenyewe inakwenda wapi? Maziwa hutoka kwenye kiwele yakiwa na nyuzi 38 hivi. Yanatakiwa yapozwe hadi nyuzi 4 ndani ya saa mbili. Kwa joto letu, yasipopozwa, bakteria huongezeka maradufu kila nusu saa au chini ya hapo, na maziwa yaliyorudishwa kutoka kituoni saa tatu asubuhi yana matumaini madogo ya kufika jioni. Mfugaji anamuuzia mchuuzi kwa bei ya mchuuzi, kwenye dumu la plastiki ambalo mikwaruzo yake haioshwi ikatakata. Au anagandisha mtindi ambao hana pa kuuweka umeme ukikatika. Au anamwaga.

Kuna njia ya nne, nanyi mnaijua. Anamuuzia jirani mwenye mgawo mkubwa na ng'ombe wachache, kwa bei ya chini, na jirani anayapeleka kituoni kwa jina lake. Maziwa ni yale yale, tangi ni lile lile. Tofauti ni kwamba sasa hakuna anayejua yametoka zizi gani. Siku yakionekana mabaki ya dawa, mtamtafuta nani? Kuchelewesha rufaa kumezaa biashara hii, na kila mwezi unaopita inazidi kukomaa.

5. Jibu la mstari mmoja

"Rufaa yako imepitiwa na haikukubaliwa." Hakuna sababu. Mfugaji hajui kama kilichokosekana ni kadi ya uhimilishaji (ya kupandishwa ng'ombe kwa mrija), au hesabu yake ilikuwa na kosa, au nafasi kwenye tangi imejaa. Anayejua sababu anaweza kurekebisha au kukubali. Asiyejua ataleta fomu ile ile tena, na ninyi mtalalamika kwamba mafaili ni mengi.

Pia afisa aliyekokotoa mgawo ndiye katibu wa kamati inayosikiliza rufaa dhidi ya hesabu yake. Hatumshuku kwa lolote baya. Tunasema hata mtu mwadilifu hawezi kuwa hakimu wa hesabu yake mwenyewe. Huko Ayalandi, enzi za mgawo, maombi ya mgawo wa ziada kwa walioathiriwa na dhiki au maradhi ya mifugo yalipitiwa na baraza la rufaa lililowekwa kwa kazi hiyo, na lita walizoongezewa zilitoka kwenye akiba ya taifa ya mgawo. Hapa kwetu hatujawahi kuambiwa kama akiba ipo.

Ndugu Mwenyekiti, tunajua majibu tutakayopewa, maana mengine tumekwisha kuyasikia kwa mdomo.

Mtasema uwezo wa kiwanda ni mdogo. Tunakubali kwamba kiwanda hakiwezi kupokea kila lita ya mkoa. Lakini mgawo uliotolewa na maziwa yanayofika ni vitu viwili. Wapo wenye mgawo wa lita 60 wanaoleta 35, kwa sababu waliuza ng'ombe au ng'ombe wao wamekauka. Nafasi hiyo imelala. Tangi lililojaa nusu nalo linakula umeme, na dereva wa lori la maziwa anachoma mafuta yale yale kutoka Kigamboni akiwa na maziwa nusu. Kabla ya kusema nafasi hakuna, tuonyesheni kitabu cha mgawo uliolala.

Mtasema wafugaji watadanganya, watatangaza ng'ombe wasiokuwapo. Udanganyifu huu ni rahisi kuukamata kuliko unavyosemwa. Afisa aje alfajiri bila taarifa, ashuhudie ukamuaji mmoja, arudi jioni aone wa pili. Aangalie hereni ya sikio na kadi ya uhimilishaji, ahesabu miezi tisa kutoka siku ya kupandishwa, amwone ndama. Aangalie stoo: ng'ombe wa lita 14 hawezi kuishi kwa majani makavu peke yake, lazima kuwe na pumba, mashudu na madini, na risiti zake. Kazi hiyo haizidi saa moja kwa kila ziara, na afisa mmoja mwenye pikipiki anaweza kumaliza nyumba nne au tano za kata moja kwa siku.

Mtasema masika maziwa huwa mengi, bei huanguka, na mgawo ndio breki. Hoja hiyo ina ukweli wake, kwa kuwa mvua za Machi hadi Mei huleta majani. Ila sisi wa pembezoni mwa jiji tunafugia ndani, na kinachoamua maziwa yetu zaidi ni siku ng'ombe alipozaa. Na soko halifuati kalenda yenu ya Agosti hadi Oktoba. Mwezi wa Ramadhani, ambapo mahitaji ya maziwa Dar es Salaam hupanda, hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka. Breki isiyogeuka haimsaidii dereva.

Mtasema kiwanda ni mali binafsi na rufaa ni hiari yake. Mkataba wa kupeleka maziwa mliutunga ninyi, na kifungu cha rufaa mmekiweka ninyi. Sisi tunaomba kitekelezwe. Sheria ya Tasnia ya Maziwa ya mwaka 2004 ilianzisha Bodi ya Maziwa Tanzania, na Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 inatupa njia ya kujipanga na kusimama pamoja. Milango hiyo tunaifahamu. Tumeona ni uungwana kuanza na kumalizana nanyi.

Tunachoomba, basi, ni hiki. Kwanza kabisa, kigawanyo kirekebishwe: siku za dawa zilizothibitishwa na daktari wa mifugo, na siku za karantini, zisihesabiwe. Hili halihitaji kikao cha bodi wala fedha, ni kubadilisha mstari mmoja kwenye jedwali la hesabu, na tunaomba lifanyike kabla ya kipimo kijacho cha Agosti. Pamoja nalo, mwenye ng'ombe watano au pungufu apewe hiari ya kupimwa kwa miezi 12 badala ya mitatu, na desimali ziachwe zilivyo.

Pili, rufaa ijibiwe ndani ya siku 14, kwa maandishi, sababu zikitajwa. Ng'ombe akiwa amezaa ndani ya siku 60 zilizopita, mfugaji apewe mgawo wa muda mara tu afisa atakaposhuhudia ukamuaji, uendelee hadi uamuzi utoke. Viambatisho viwe vitatu tu: daftari la ukamuaji, kadi ya uhimilishaji au ushahidi wa kuzaa, na barua ya afisa mifugo wa kata. Barua ya mtendaji wa mtaa haielezi chochote kuhusu maziwa na humpotezea mtu siku mbili, iondolewe.

Tatu, aliyekokotoa mgawo asikae kwenye kamati rufaa za hesabu yake zinaposikilizwa. Viti viwili vipewe wafugaji waliochaguliwa na vituo, na mmoja kati yao awe na ng'ombe wasiozidi watatu.

Nne, ifikapo tarehe 5 ya kila mwezi, kila kituo kibandike ukutani jumla ya mgawo uliotolewa, wastani wa lita zilizofika, na lita zilizolala. Majina hayahitajiki. Aliyelaza zaidi ya theluthi ya mgawo wake kwa miezi mitatu bila sababu ya ukavu au ugonjwa, sehemu hiyo iingie kwenye akiba ya rufaa, na airudie akipata ng'ombe.

Tano, kila kituo kiwe na kipimajoto na jedwali la sahihisho la laktomita lililobandikwa juu ya meza ya mapokezi. Maziwa yaliyokatika kwenye spiriti yachemshwe mbele ya mwenyewe kabla ya kuandikwa. Hadi hayo yatakapokuwapo, sharti la kukataliwa mara mbili lisitumike kumzuia mtu kukata rufaa. Na kama ni lita ziwe lita, kama ni kilo ziwe kilo.

Kwa upande wetu, tunajifunga kuweka daftari la ukamuaji la asubuhi na jioni kwa kila ng'ombe, kuandika tarehe na jina la kila dawa, na kufungua mazizi yetu kwa ukaguzi wa siku yoyote bila taarifa. Atakayebainika kuleta maziwa ya jirani kwa mgawo wake, au maziwa ya dawa, hatutamtetea.

Tunaomba jibu la maandishi ndani ya siku 21 tangu leo, pamoja na tarehe ya kikao. Madaftari ya miezi 12 ya wale wanaosubiri majibu ya rufaa zao yako tayari, yamepangwa kituo kwa kituo. Mkitaja siku, tutayaleta.

Wenu katika kazi,

Wafugaji wa ng'ombe wa maziwa,
Kigamboni, Chanika, Pugu, Goba, Kibamba na Bunju,
Dar es Salaam.